Unafuga Mnyama Gani?

Mwaka 1889, jijini Paris, daktari wa macho Henri Parinaud alieleza habari za wagonjwa watatu waliomtatiza. Kila mmoja alikuwa na jicho moja bovu, la pili zima. Kope limevimba, na ukilipindua unakuta ndani yake punje nene zimejazana, nyekundu kwa manjano. Mbele ya sikio, upande uleule wa jicho bovu, tezi imetuna, na uvimbe umeshuka hadi kwenye taya na shingo. Homa huja na kuondoka. Zinapita wiki, pengine miezi, kisha jicho linapona na mgonjwa anaona kama zamani. Parinaud hakuijua sababu. Lakini alichokipata katika maisha ya wagonjwa wake kilimtosha kuandika, kwenye kichwa cha makala yake, kwamba maradhi haya yanaelekea kumfikia binadamu kutoka kwa wanyama.

Mimi ni muuguzi wa macho. Nilisomea Moshi, nikarudi kwetu Tanga, na sehemu kubwa ya umri wangu imepita katika chumba chenye ubao wa herufi ukutani, tochi mezani, na foleni inayoanza kabla jua halijapanda. Namwandika Parinaud kwa sababu alifanya jambo ambalo fani yetu hulisahau kila inapoletewa mashine mpya: alitaka kujua mgonjwa anaishi na nani, na katika hao akawahesabu wanyama. Swali lake lilichukua zaidi ya miaka mia moja kujibiwa. Lilipita mikononi mwa wakata nyama, wawindaji wa sungura, mvulana mmoja wa Paris aliyecheza na paka, na mtaalamu wa maabara huko Oklahoma. Sisi tunaolala ua mmoja na paka, mbuzi na kuku tuna haki ya kuisikia habari hiyo kwa lugha yetu.

Parinaud alizaliwa mwaka 1844 huko Bellac, mji mdogo wa Ufaransa ya kati, mtoto wa fundi makufuli. Wakati wa vita vya Ufaransa na Prussia vya mwaka 1870 alihudumia majeruhi. Baadaye Charcot, bingwa mkubwa wa magonjwa ya neva katika hospitali ya Salpêtrière, alimchukua ili awachunguze macho wagonjwa wake. Hapo ndipo jina la Parinaud lilipokua. Mwaka 1883 alieleza hali ya watu wasioweza kuinua macho juu kwa sababu ya hitilafu ndani ya ubongo, na mpaka leo hali hiyo huitwa kwa jina lake. Ndiyo maana wanafunzi wetu huchanganyikiwa wanapomkuta Parinaud mara mbili katika kitabu kimoja, mara kwenye ubongo, mara kwenye kope. Ni mtu yuleyule. Salpêtrière ilikuwa shule ya kutazama: mgonjwa aliangaliwa kwa muda mrefu, akaangaliwa tena, kisha ndipo daktari akasema.

Ili uelewe ugumu wa alilolifanya, kumbuka kwamba Ulaya ya wakati ule ilijaa trakoma, ile ambayo kwetu huitwa vikope. Wanajeshi walikuwa wameibeba kutoka Misri baada ya msafara wa Napoleon wa mwaka 1798, ikasambaa kambini na mitaani, na hospitali ya macho ya Moorfields jijini London ilianzishwa mwaka 1805 kwa sababu hiyo hasa. Basi daktari aliyepindua kope na kukuta punje alikuwa na jibu tayari mdomoni: trakoma. Na dawa ilikuwa kusugua kope kwa mrututu, mateso ambayo sitayaeleza zaidi. Parinaud angeweza kuandika trakoma katika daftari na kuita mgonjwa anayefuata. Aliona kwamba trakoma hukamata macho yote mawili na hukaa miaka, ilhali hawa walikuwa na jicho moja na tezi kubwa, na ugonjwa ulikuja kwa ghafla. Akakataa kuwaweka katika kapu lisilo lao.

Mwalimu aliyenifunza kazi, mama mkali asiyevumilia kucha ndefu wala mikono isiyonawa, alitulazimisha kuweka vidole viwili mbele ya sikio la kila mgonjwa mwenye jicho jekundu kabla hata ya kuwasha tochi. Tezi ya hapo ndiyo inayopokea maji ya mwili kutoka kwenye kope. Kikiingia kitu kwenye jicho, tezi hiyo hupata habari mapema. Katika macho mekundu ya virusi, kama yale yaliyoenea Dar es Salaam na pwani ya Kenya mwanzoni mwa mwaka 2024, huwa unaigusa tezi ndogo yenye maumivu kidogo, na jicho la pili hufuata baada ya siku chache. Tezi ya Parinaud ni nyingine. Hii unaiona mgonjwa akiwa bado mlangoni.

Miaka ikapita. Mwaka 1913, huko Boston, Frederick Verhoeff alikata vipande vyembamba vya kope za wagonjwa wa namna hii, akavitia rangi, akaona nyuzi nyembamba za vijidudu ambavyo alidhani ni vya jamii ya Leptothrix. Wengi hawakushawishika, maana hakuna aliyeweza kuviotesha maabara. Habari ikabaki hapo.

Mlango wa kwanza ulifunguka mahali pengine kabisa, nao ulifunguliwa na tauni. Baada ya tetemeko la ardhi la San Francisco la mwaka 1906, tauni ilirudi katika mji ule, na serikali ya Marekani ikawa inakamata panya, kisha kindi wa mashambani California, ili kujua umefika wapi ugonjwa. Katika wilaya ya Tulare, George McCoy aliwakuta kindi wenye vidonda vya ndani vinavyofanana na vya tauni, lakini vijidudu vya tauni havikuwamo. Aliandika habari hiyo mwaka 1911. Yeye na mwenzake Charles Chapin walihangaika kuotesha kijidudu hicho. Kilikataa kila chakula cha kawaida cha maabara, hadi walipokipa kiini cha yai kilichogandishwa kwa joto. Mwaka 1912 wakakipa jina la tularense, kwa ajili ya wilaya ile. Chapin mwenyewe aliugua.

Sasa sikiliza yaliyotokea Cincinnati, katika jimbo la Ohio, mbali kabisa na California. Daktari wa macho Derrick Vail alipokea kijana ambaye kazi yake ilikuwa kukata nyama. Jicho moja lilikuwa na vidonda ndani ya kope, tezi za mbele ya sikio na shingoni zimevimba, homa kali. Vail alichukua uchafu wa jicho lile akampelekea William Wherry, mwalimu wa bakteria katika mji huohuo. Wherry alizaliwa India kwa wazazi wamisionari, akafanya kazi Manila, na kabla ya kufika Cincinnati alikuwa California akichunguza tauni kwa kindi. Kwa hiyo kindi wale aliwajua. Yeye na msaidizi wake B. H. Lamb waliwachoma simbilisi na sungura kwa uchafu ule wa jicho. Wanyama wakafa, na walipowapasua wakakuta ini na wengu vina madoa yaleyale ya Tulare. Mwaka 1914 walichapisha: huyu alikuwa binadamu wa kwanza ambaye maabara imethibitisha kwamba ameambukizwa ugonjwa wa kindi, na umepitia jichoni. Mwaka huohuo wakamkuta bakteria yuleyule katika sungura pori waliokuwa wakifa huko Indiana, wakatoa onyo kwamba wanyama hao ni hatari kwa wanaowashika.

Huyu mkata nyama hakutajwa jina na hapaswi kutajwa, lakini kwangu ana nafasi kubwa kuliko maprofesa wengi. Ninapokwenda soko la Mgandini na kumwona muuza bucha anapitisha mkono usoni kufuta jasho, mkono uleule ulioshika kisu na utumbo, huwa namfikiria. Kazi ya nyama ni kazi ya mikono yenye maji, na uso hauna mlinzi. Anayechuna mnyama hujikuna kope bila kujua kwamba amejikuna. Ngozi nzima ya mkono hukinga mengi, lakini ngozi laini ya ndani ya kope haina ukuta wa namna hiyo.

Marekani ya miaka ile ilikula sungura wengi. Wakati wa baridi wawindaji waliwaleta mjini, wakatundikwa mafungu mafungu mbele ya maduka, na wapishi na akina mama wa nyumbani waliwachuna jikoni. Mtu aliyeunganisha hayo yote ni Edward Francis, daktari wa serikali. Alikwenda Utah kuwachunguza wakulima waliokuwa wakiugua homa baada ya kuumwa na mainzi wakali wa mifugo, akakuta ni bakteria wa Tulare. Mwaka 1921 akaupa ugonjwa jina, tularemia. Akawachunguza sungura wa soko la Washington, akakuta wenye maini yaliyoshambuliwa wamo humohumo kwenye bidhaa. Yeye mwenyewe aliambukizwa, na wenzake kadhaa katika maabara pia. Aliorodhesha sura mbalimbali za ugonjwa, na mojawapo ilikuwa hii ya jicho na tezi, ileile ambayo Parinaud aliieleza kwa maneno bila kuijua kwa hadubini. Mwaka 1928 Chama cha Madaktari cha Marekani kilimpa nishani ya dhahabu.

Japani nako ugonjwa huu ulikuwapo, na habari yake inanigusa zaidi. Hachiro Ohara, daktari wa Fukushima, aliona wakulima wakiugua homa na tezi baada ya kuchuna sungura pori waliowakuta wamekufa. Alitaka uthibitisho na hakuwa na maabara kubwa. Mkewe akajitolea: mwaka 1925 damu ya moyo wa sungura aliyekufa ilipakwa nyuma ya kiganja chake, ngozi ikiwa nzima. Akaugua. Tezi zake za kwapa zilivimba, zikapasuliwa, zikachunguzwa, na ndipo ilipobainika kwamba ugonjwa wa Fukushima na wa Tulare ni mmoja. Katika vitabu vingi mama huyu hupewa sentensi moja. Mwili wake ndio uliobeba jibu.

Tularemia ni ugonjwa wa nusu ya kaskazini ya dunia, na kwetu Pwani sisi hatuutafuti. Lakini Cincinnati haijamaliza kazi yake katika habari hii. Miaka ya 1930 Lee Foshay, mtaalamu wa tularemia wa mji uleule, alikuwa akiletewa wagonjwa wenye tezi zilizovimba kutoka sehemu nyingi. Alipima, na kwa baadhi yao majibu hayakuonyesha tularemia hata kidogo. Kuanzia mwaka 1932 aliwaweka kando wagonjwa hao, akawauliza kwa makini. Wengi walikuwa na paka, na walikuwa na makwaruzo.

Na Paris, mji wa Parinaud, Robert Debré alikuwa amekwisha kukutana na jambo hilohilo mwaka 1931 bila kujua habari za Foshay. Aliletewa mvulana mwenye tezi iliyotunga usaha karibu na kiwiko. Kila daktari wa wakati ule aliyeona tezi ya mtoto inatunga usaha aliwaza kifua kikuu, na hata leo kwetu tunawaza hivyo, na mara nyingi tunakuwa sahihi. Lakini vipimo vya kifua kikuu vilikataa. Debré akaona mikono ya mtoto imejaa michirizi ya kucha. Mvulana alicheza na paka kila siku. Daktari yule hakuwa na haraka: alikusanya wagonjwa wa aina hiyo mmoja mmoja, vita vikapita katikati, na hatimaye mwaka 1950 yeye na wenzake wakachapisha makala ya ugonjwa wa makwaruzo ya paka. Wakati huo kulikuwa na kipimo cha ngozi kilichotengenezwa Marekani na Hanger na Rose: usaha wa tezi ya mgonjwa uliopashwa moto kuua vijidudu, tone lake likachomwa kwenye ngozi ya mgonjwa mwingine. Ngozi ikivimba, ugonjwa ndio huo. Ninapoisoma hiyo leo nashtuka, maana ni usaha wa binadamu kumchoma binadamu mwenzake, na kipimo hicho kiliachwa kwa sababu hiyo. Hata hivyo ndicho kilichowawezesha madaktari kuwatambua wagonjwa kwa miaka mingi kijidudu chenyewe kikiwa bado kimejificha.

Mwaka 1953 Cassady na Culbertson, nao Wamarekani, waliandika kwamba jicho na tezi za Parinaud na makwaruzo ya paka ni ugonjwa mmoja katika wagonjwa wengi. Paka hahitaji kukukwaruza jichoni. Anaweza kulala kifuani pako, ukamshika manyoya, kisha ukajifikicha.

Kijidudu chenyewe kilionekana mwaka 1983. Douglas Wear na wenzake, katika taasisi ya patholojia ya jeshi la Marekani jijini Washington, walitumia rangi ya madini ya fedha ya Warthin na Starry, iliyobuniwa zamani kwa ajili ya kaswende. Kati ya tezi za wagonjwa 39 walikuta vijiti vidogo vya bakteria katika tezi 34. Miaka miwili baadaye Wear aliviona pia ndani ya kope la mgonjwa wa Parinaud. Lakini kuona ni jambo moja na kujua ni nani ni jingine. Bakteria mmoja aliyeoteshwa kutoka kwenye tezi alidhaniwa kuwa ndiye, akaitwa Afipia felis kwa heshima ya taasisi ile, na kwa miaka michache wote wakaridhika. Siye.

Aliyekuwa ndiye alikuja kwa njia ya huzuni. Mwanzoni mwa miaka ya 1980, watu wenye UKIMWI walianza kutokwa na vinundu vyekundu vya damu kwenye ngozi, ambavyo vilidhaniwa kuwa saratani. Vikichunguzwa kwa ile rangi ya fedha, vilionyesha vijiti vilevile vya makwaruzo ya paka. Mwaka 1990 David Relman na wenzake, kwa kusoma chembe za urithi za vijidudu hivyo bila kuviotesha, waligundua kwamba ni ndugu wa bakteria wa kundi la Rochalimaea. Na Oklahoma, mtaalamu wa maabara Diane Hensel alikuwa ameotesha bakteria wa ajabu kutoka kwenye damu ya wagonjwa wenye homa isiyoeleweka, bakteria anayechelewa kuota hadi maabara nyingi zilikuwa zimekwisha kuitupa sahani. Mwaka 1992 bakteria huyo akapewa jina lake, henselae. Mwaka huohuo Russell Regnery wa Atlanta alipima damu ya wagonjwa 41 wa makwaruzo ya paka, akakuta 36 kati yao wana kinga dhidi ya henselae. Mwaka 1993 bakteria huyo alioteshwa kutoka kwenye tezi zenyewe za wagonjwa, na mwaka huo kundi zima likahamishiwa chini ya jina la Bartonella.

Jina hilo ni la Alberto Barton, daktari wa Peru. Mwaka 1905 huko Lima alianza kuviona vijidudu ndani ya chembe nyekundu za damu za wagonjwa wa homa ya Oroya, homa ya mabonde ya Andes. Mwaka huohuo wa 1905, mwezi wa Machi, Parinaud alifariki Paris. Kutoka makala yake ya 1889 hadi siku bakteria wake alipotambuliwa sawasawa, ilipita miaka 104.

Sasa tunajua mambo yanavyokwenda. Bartonella henselae hukaa ndani ya damu ya paka, hasa wachanga, na paka haoni shida yoyote. Anakula, anacheza, anawinda. Kiroboto ndiye anayemhamisha bakteria kutoka paka mmoja hadi mwingine: anafyonza damu, na bakteria hutoka kwenye kinyesi cha kiroboto, ile vumbi nyeusi unayoiona kwenye manyoya ukimpitishia kitana. Vumbi hiyo huingia chini ya kucha za paka anapojikuna, na bakteria hubaki hai humo kwa siku kadhaa. Paka akikukwaruza, umechanjwa. Ukimpapasa kisha ukajifikicha jicho, umejiwekea mwenyewe. Baada ya siku chache hadi wiki mbili hivi jicho linaanza kuwaka, tongotongo zinakuwa nyepesi, na tezi inatuna. Wengi hupona wenyewe, na dawa kama azithromaisini na doksisaikilini hutumika kuwasaidia. Wachache bakteria huwafikia nyuma ya jicho, neva ya jicho ikavimba, uoni ukashuka ghafla, na daktari akitazama retina anakuta madoa yamejipanga kama nyota. Mtu huyo hatakiwi kusubiri nyumbani.

Nimewahi kuletewa binti wa shule na bibi yake. Jicho la kulia limevimba, tezi imetuna mbele ya sikio. Walikuwa wametoka kwenye zahanati nyingine walikoambiwa waanze kufikiria kifua kikuu, na nyumbani tayari jicho lilikuwa limekwisha kuoshwa kwa chai ya rangi na maziwa ya mama wa jirani. Nikamuuliza bibi, "Nyumbani mna paka?" Akacheka. "Paka, mwanangu? Wamejaa. Huyu analala nao." Binti akanionyesha kifundo cha mkono: mchirizi mmoja mwembamba, umeanza kupona. Hatukuwa na kipimo cha Bartonella, na sitadai kwamba nilithibitisha. Daktari alichunguza kifua kikuu kama inavyopasa, hakukiona, akampa dawa. Jicho likapona, tezi ikachukua muda mrefu zaidi.

Yule bibi aliniuliza kama awafukuze paka. Nikamwambia hapana, na nitamwambia hivyo kila anayeniuliza. Pwani yetu imeishi na paka vizazi na vizazi. Lamu wamejaa vichochoroni na watu wanawatupia vichwa vya samaki, na Waislamu wetu wanamjua Abu Huraira, sahaba aliyepewa jina kwa ajili ya kitoto cha paka. Paka anakula panya, na panya ana magonjwa mabaya zaidi. Adui ni kiroboto. Mwogeshe paka, mpake dawa ya viroboto, fagia mnapolala, usimruhusu alambe kidonda, na nawa mikono kwa sabuni kabla ya kugusa uso. Mwenye VVU awe mwangalifu zaidi, kwa sababu kwake bakteria huyu haishii kwenye tezi, na hilo tuliambiwa tangu miaka ya 1990. Ninaumia kuona jinsi linavyotajwa kwa nadra katika kliniki zetu, ambako watu wa namna hiyo ni wengi.

Fomu tunayojaza inauliza umri, jinsia, kijiji, na kwa muda gani jicho limekuwa jekundu. Haina nafasi ya wanyama. Katika rejista yangu nilipiga mstari kwa rula, nikaandika juu yake "Wanyama", na wauguzi vijana waliokuja baada yangu wameendelea kuujaza. Majibu yanasomeka hivi: paka, mbuzi, kuku, paka, hakuna, anauza bucha, paka watatu, punda. Mara nyingi hayasaidii lolote. Mara chache yanaokoa wiki nzima ya kuzunguka.

Na orodha ya vijidudu vinavyoleta jicho la Parinaud bado inaongezeka. Rio de Janeiro, tangu mwishoni mwa miaka ya 1990, paka wanaugua kuvu aitwaye Sporothrix, wanawaambukiza watu kwa kucha, kwa meno na kwa kupiga chafya, na madaktari wa macho wa huko wanapokea wagonjwa wenye jicho moja jekundu, punje ndani ya kope, na tezi mbele ya sikio. Kwa macho ni Parinaud mtupu. Kuvu huyu hasikii dawa ya bakteria, anahitaji itrakonazoli kwa miezi, kwa hiyo daktari wa Rio akishamuuliza mgonjwa kama ana paka, huendelea kumuuliza kama paka mwenyewe ana vidonda puani.